Namna ya Kushika Zamu ya Wiki katika Shule ya Msingi

Mwalimu anayeripoti kwa mara ya kwanza katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania huwa amefundishwa chuoni namna ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, lakini ni nadra kukuta aliyeelezwa atafanya nini siku jina lake litakapobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya walimu chini ya neno "Zamu". Kuanzia Jumatatu hiyo hadi Ijumaa, kengele, usafi, paredi, uji, wachelewaji, mzazi aliyefika amekasirika na mtoto aliyetapika darasa la kwanza, vyote vitakuwa vyake. Mwalimu mkuu yupo, mwalimu wa taaluma yupo, mwalimu wa nidhamu naye yupo, lakini jambo likitokea swali la kwanza litakaloulizwa ofisini ni moja tu: "Zamu ni nani?"

Maelezo yanayofuata yanatokana na shule ya kutwa ya kijijini, yenye darasa la awali hadi la saba. Mjini, ambako baadhi ya shule husoma kwa mikondo ya asubuhi na mchana, saa zitabadilika, lakini kazi ni ile ile.

Zamu huanza Ijumaa iliyotangulia

Kosa la kwanza la mwalimu mgeni ni kudhani kwamba zamu yake inaanza Jumatatu kengele inapogongwa. Ijumaa mchana, kabla ya kutawanyika, mtafute mwalimu anayemaliza zamu, muombe daftari la zamu, kisha ketini pamoja walau kwa robo saa. Usilisome daftari peke yako, kwa sababu mengi hayaandikwi: kwamba bomba la maji limekatika tangu Jumatano, kwamba mpishi ana msiba na ameleta ndugu yake, kwamba wavulana wawili wa darasa la sita wana ugomvi ambao haujaisha.

Baada ya hapo waite viranja. Katika shule nyingi kuna kaka mkuu na dada mkuu, na chini yao viranja wa kengele, wa usafi na mazingira, wa afya, wa chakula na wa michezo, pamoja na kiranja wa kila darasa ambaye wengine humwita monita. Hawa ndio watakaoibeba zamu yako. Waulize kila mmoja kazi yake ni ipi na amsikilize mwenzake anavyoeleza, kwa kuwa mara nyingi utagundua hapo hapo kwamba kuna eneo ambalo viranja wawili wanaligombea na jingine ambalo hakuna anayelijua kuwa ni lake. Kwetu eneo hilo lilikuwa ni nyuma ya jiko.

Mtazame zaidi kiranja wa kengele. Kengele ya shule nyingi za vijijini ni ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mwembe na kugongwa kwa kipande cha nondo, na sauti yake husikika hadi mashambani, kiasi kwamba wazazi huitumia kama saa. Kiranja huyo lazima awe na saa ya kuaminika, ajue tofauti ya mapigo ya kuingia darasani, ya mapumziko na ya dharura, na awe na msaidizi wa darasa la tano au la sita atakayeshika nondo siku yeye anapofanya mtihani. Mlipopatana juu ya mapigo, msiyabadilishe katikati ya wiki. Nondo nayo ihifadhiwe ofisini, kwa maana ikiachwa chini ya mti, mtoto wa darasa la pili ataigonga saa tatu na nusu na shule nzima itatoka nje kudai uji.

Asubuhi: namba, fagio na kidumu

Fika shuleni saa 12:30, kabla ya wanafunzi wengi. Kuwahi huku ni kwa sababu ya namba. Wanafunzi hujipanga kwa kadiri wanavyofika, kila mmoja anataja namba yake, na kengele ya kwanza ikishagongwa namba hufungwa. Atakayefika baada ya hapo ni mchelewaji. Mwalimu wa zamu asipokuwepo wakati namba inafungwa, viranja watawafungia mahasimu wao na kuwafungulia marafiki, na malalamiko hayo hayatakufikia wewe bali yatafika nyumbani.

Namba ikishafungwa kazi za usafi hugawanywa kwa madarasa. Darasa la saba na la sita huchukua vyoo na kufyeka nyasi, la tano na la nne hufagia uwanja, la tatu huokota taka na kumwagilia miche, na wadogo hupanga madawati. Wanaofagia uwanja wa vumbi kwa mafagio ya chelewa wanyunyize maji kwanza. Ndiyo maana mwanafunzi wa zamu ya maji huja na kidumu cha lita 3 au 5 mkononi. Kama maji ni ya shida, bora uwanja ufagiwe mara mbili kwa wiki kuliko watoto kuingia darasani wakikohoa kila siku.

Vyoo nenda ukavikague mwenyewe. Mwongozo unaotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na mwalimu yeyote aliye kazini anajua shule yake iko umbali gani na hesabu hiyo. Palipo na upungufu, usafi wa saa 12:45 hautoshi, bali panga kikundi kingine kipitishe maji baada ya mapumziko. Angalia kama vibuyu chirizi, yaani vidumu vilivyotundikwa vya kunawia mikono, vina maji na kama sabuni iliyotobolewa na kufungwa kwa kamba bado ipo, maana huibwa, na si ajabu. Angalia vilevile kwamba kazi ya vyoo haiwaangukii wasichana peke yao, mtindo unaojipenyeza kimya kimya mahali ambapo mwalimu wa zamu hupanga kazi akiwa ameketi ofisini.

Shule ambazo bado zina mchakamchaka, yaani mbio za asubuhi za kuimba kwa pamoja, huutanguliza kabla ya usafi, mara mbili kwa wiki. Mwimbishaji akae katikati ya msafara badala ya mbele ili wa nyuma wamsikie, na wenye pumu wabaki wakisimamia mafagio.

Paredi

Paredi ndiyo sehemu ambayo walimu wenzako, wazazi wanaopita njiani na hata mwenyekiti wa kijiji watakupimia. Isizidi dakika 20. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 idadi ya wanafunzi katika shule nyingi iliongezeka, na kuwasimamisha watoto 800 juani wakisikiliza matangazo ya walimu wanne waliokubaliana jambo lile lile ni kuwatafutia kuzimia.

Panga mistari kwa madarasa, wadogo mbele na wakubwa nyuma, migongo ikielekea jua. Kaka mkuu atoe amri: mguu sawa, mguu pande, mbele nyoosha. Usitoe amri wewe mwenyewe ila kama yeye ameshindwa. Kiranja anayenyang'anywa amri mbele ya shule hatasikilizwa tena wiki nzima. Wanafunzi watakuamkia kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!", nawe uitikie "Marahaba" kwa sauti inayofika mstari wa mwisho. Nimewaona walimu wanaoitikia huku wakisoma simu. Watoto huliona hilo, na salamu ya kesho yake huwa ni ya nusu mdomo.

Bendera ya Taifa inahitaji uangalifu wa peke yake. Skauti au viranja wawili waifunge kamba mapema, wakihakikisha kwamba pembe ya kijani iko juu upande wa mlingoti na ya bluu iko chini upande wa nje, kwa kuwa kosa la kuipandisha kichwa chini hutokea zaidi ya watu wanavyodhani na huonekana na kila mpita njia. Filimbi ikipigwa kila mtu husimama wima alipo, akiwemo mpishi na mzazi aliyeko getini. Wimbo wa Taifa uanzishwe na mwanafunzi mwenye sauti ya wastani. Waanzishaji wengi wa darasa la saba hupenda kuanza juu, na wimbo ukifika ubeti wa pili wadogo wote huwa wamekwisha kunyamaza, wanabaki viranja peke yao wakipiga kelele huku mishipa ya shingo imewatoka. Mpeleke mwanzishaji pembeni siku ya Ijumaa, aanze, umshushe sauti, aanze tena, mpaka azoee.

Ukaguzi wa kucha, nywele, meno na sare hufanywa Jumatatu, nao hufanywa na viranja wa afya wakipita mstari kwa mstari, mwalimu wa kike akiwasimamia wasichana. Tenganisha uchafu na umaskini. Kucha ndefu ni uzembe, na wembe upo ofisini. Kaptura iliyochanika na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine ni juhudi ya mama fulani, na mtoto huyo hasimamishwi mbele. Kadhalika mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, hata kama mweka hazina wa kamati ya shule amekupa orodha. Mpe mwalimu mkuu orodha hiyo, naye ataifikisha kwa wazazi.

Wachelewaji

Hapa ndipo zamu nyingi huharibika. Njia rahisi ni kuwapanga wachelewaji, kuwachapa na kuwaachia, na wapo walimu wanaoamini kwamba bila hivyo shule haiendi. Sheria iko wazi kuliko mazoea yetu. Kwa kanuni za mwaka 2002, kiboko hutolewa na mwalimu mkuu, au na mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Hakizidishwi viboko vinne. Mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike kama yupo shuleni. Na kila adhabu huandikwa kwenye kitabu chake. Kuwa mwalimu wa zamu hakukupi ruhusa hiyo, na fimbo iliyolala kwenye meza ya zamu si maandishi.

Kinachosaidia ni kuandika. Kwa kila mchelewaji andika jina, darasa, saa aliyofika na sababu aliyoitoa kwa maneno yake, kisha mpe kazi fupi isiyomtoa kwenye kipindi, kama kujaza maji ndoo za kunawia wakati wa mapumziko. Kumfyekesha nyasi saa mbili za masomo kwa kosa la kuchelewa dakika 15 ni kumwongezea hasara ile ile unayomlaumia.

Nitaeleza namna nilivyolijua hili. Katika zamu yangu ya tatu au ya nne nilimkuta mvulana wa darasa la tano kati ya wachelewaji wa Jumatano, nikamuuliza sababu, akajibu "Nilichelewa kuamka, mwalimu", akapewa fyekeo kama wengine. Jioni, nikijaza daftari, nilipekua kurasa za nyuma kutafuta mfano wa kuandika, nikaona jina lile katika Jumatano ya wiki iliyotangulia. Nikarudi nyuma tena. Katika wiki sita alikuwa amechelewa mara tano, zote Jumatano, na walimu watano tofauti walikuwa wamemwandika, kila mmoja akidhani ni mara ya kwanza. Jumatano kwetu ni siku ya gulio. Nilipomuita kwa faragha alieleza kwamba mama yake hukaanga maandazi usiku, naye hubeba ndoo mbili mpaka gulioni, hurudi, hunawa, ndipo huvaa sare. Mama aliitwa, akashangaa kusikia kuwa mwanawe anafyeka nyasi kwa ajili yake, kwani mtoto hakuwahi kumwambia. Walipatana na jirani mwenye baiskeli. Jumatano iliyofuata namba yake ilikuwa ya kumi na moja.

Jambo hilo lisingejulikana kama walimu wale wangeandika, kama ilivyo desturi mahali pengi, "Wachelewaji walikuwepo na waliadhibiwa."

Vipindi, uji na mapumziko

Vipindi vikishaanza saa 2:00, kazi yako ni kupita madarasani mara moja kila baada ya vipindi viwili, kuona darasa lisilo na mwalimu na kumjulisha mwalimu wa taaluma. Nawe una vipindi vyako. Usiviache kwa kisingizio cha zamu.

Kabla ya saa 3:00 viranja wa madarasa wakuletee mahudhurio kutoka kwenye rejista: wavulana, wasichana na jumla. Hesabu hii si ya ripoti tu. Mpishi hupimiwa unga kwa idadi ya waliofika, si kwa idadi ya walioandikishwa, na hesabu ikichelewa atapima kwa kukisia, uji uwe maji siku moja na umwagwe siku nyingine. Nenda stoo pamoja na mwalimu wa chakula, pimeni kwa pamoja, mwandike kilichotoka na kilichobaki, kisha wote wawili mtie sahihi. Unga, mahindi na maharage ya shule mara nyingi ni vya wazazi, walivyovileta kwa debe na kwa kilo baada ya kukubaliana mkutanoni, na hakuna jambo linaloifarakanisha shule na kijiji haraka kama gunia lisilojulikana lilikokwenda.

Wakati wa kugawa, wa awali na wa darasa la kwanza watangulie, kila mmoja na kikombe chake, baada ya kunawa. Simama karibu na sufuria na si mlangoni. Ukiwa mlangoni utaona foleni nzuri. Ukiwa karibu na sufuria utamwona kiranja wa chakula anavyozamisha upawa hadi chini kwa rafiki yake na kuupitisha juu juu kwa mtoto asiyemfahamu. Mara nyingine kumtazama tu kunatosha.

Uji ukiisha, uwanja huwa wa watoto kwa dakika zilizobaki. Wasichana watacheza rede na kuruka kamba, wadogo wataimba kwa duara, wavulana watapiga chandimu kwa mpira wa makaratasi na nailoni, na chini ya mwembe kutakuwa na gololi na mdako. Usiwaingilie bila sababu. Pita kando, uwatazame wale wasiocheza. Mtoto aliyesimama peke yake ukutani siku tatu mfululizo aandikwe daftarini kama anavyoandikwa mgonjwa, na mwalimu wa darasa lake aambiwe. Wauzaji wa kashata, ubuyu, mihogo ya kukaanga na barafu za ukwaju wabaki nje ya eneo la shule, na vyakula vyao viwe vimefunikwa. Wengi wao ni wazazi wa shule hiyo hiyo, kwa hiyo waamkie kwanza ndipo uwaambie.

Kutawanyika na kushusha bendera

Paredi ya mwisho iwe fupi kuliko ya asubuhi: matangazo, vitu vilivyookotwa, wimbo mmoja, basi. Penye barabara kubwa, viranja wawili na mwalimu mmoja wavushe wadogo kwanza. Msimu wa masika uliza mapema ni watoto gani wanavuka mto, na mawingu yakitanda uwaruhusu kabla ya mvua, wakiongozana na wakubwa wa njia moja.

Bendera hushushwa saa 12 jioni, wakati shule imekwisha kutawanyika, ndiyo maana husahaulika. Patana tangu Ijumaa na mlinzi, au na wanafunzi wawili wanaokaa jirani, na ulijue kabati itakamokunjwa na kuwekwa. Usitegemee kwamba "huwa kuna mtu".

Daftari, kisha makabidhiano

Jaza daftari kila siku kabla ya kuondoka, kwa maana ukisubiri Ijumaa utaandika siku tano zinazofanana. Andika walioandikishwa, waliofika na wasiofika kwa wavulana na wasichana, walimu waliokuwepo na wenye ruhusa, vipindi vilivyofundishwa na visivyofundishwa, wagonjwa na walikopelekwa, wageni, wachelewaji kwa majina, chakula kilichopikwa, na matukio. Safu ya matukio ndiyo yenye thamani. Badala ya "Hali ilikuwa shwari", andika: "Saa 5:20 dawati la darasa la pili lilivunjika mguu, mwanafunzi alichubuka goti, alisafishwa kidonda, mzazi amejulishwa, dawati liko stoo." Atakayesoma baada ya miezi miwili ajue la kufanya bila kukutafuta. Mwalimu mkuu atie sahihi kila siku, hata kama itakubidi umfuate na daftari mpaka mlangoni.

Ijumaa, katika paredi ya mwisho, soma matokeo ya usafi wa madarasa, ukianza na darasa lililopanda nafasi hata kama si la kwanza. Watoto wa darasa lililotoka nafasi ya saba hadi ya nne hushangilia kuliko washindi. Taja kosa la wiki bila kulitaja jina la mkosaji, washukuru viranja kwa majina yao, kisha mwite mwalimu anayepokea asimame mbele ya shule ili wamwamkie.

Baadaye ofisini mkabidhi kimoja kimoja: daftari, filimbi, nondo ya kengele, ufunguo wa stoo, sanduku la huduma ya kwanza likiwa wazi ili aone kilichopungua, na orodha ya mambo yasiyokwisha, yaliyoandikwa kwa mkono wako na siyo kusimuliwa. Mafagio hesabuni pamoja. Kama ulipokea 40 na sasa yapo 33, andika 33, naye atie sahihi chini yake.